Seva Ikae Wapi? Hesabu ya Miaka Mitano kwa Kampuni ya Watu Sitini

Weka profoma tatu juu ya meza, na macho ya kila mtu yatakimbilia mstari wa chini. Ya kwanza inataka fedha nyingi kwa mkupuo: seva mbili, raki, UPS, kiyoyozi. Ya pili inataka kodi ya kila mwezi ya nafasi katika kituo cha data. Ya tatu haidai kitu leo zaidi ya namba ya kadi, na bili yake itakuja mwisho wa mwezi kwa dola. Mhasibu huipenda ya tatu, fundi huipenda ya kwanza, naye mkurugenzi huuliza ipi ni nafuu. Swali lake halijibiki mpaka liongezewe mambo mawili: nafuu kwa muda gani, na tutalipa nini siku tutakapotaka kuacha.

Kampuni za ukubwa wa kati ndizo zinazoumia hapa. Benki ina idara nzima ya kusoma mikataba, na duka la mtaani linaendeshwa kwa simu ya mkononi. Kampuni ya watu 60 ina fundi mmoja, pengine wawili, na mara nyingi inashauriwa na mtu yuleyule anayeiuzia. Kwa hiyo tupige hesabu wenyewe.

Tuchukue kampuni ya kubuni inayosambaza vifaa vya hospitali kutoka Dar es Salaam. Ina wafanyakazi 60, seva mbili, na data ya terabaiti 4: uhasibu, stoo, na mafaili ya miaka mingi. Dola moja niihesabu kwa shilingi 2,500 ili namba ziwe rahisi kufuatilia; anayepanga bajeti aweke kiwango cha siku hiyo.

Tuanze na chumba cha ofisini. Watu huhesabu bei ya seva na kusahau umeme. Seva mbili, swichi, faiwoli, kifaa cha bakapu na kile kinachopotea ndani ya UPS vinaweza kula wati 800 kwa wastani. Joto lote hilo lazima litolewe nje, na kwa hali ya hewa ya Dar naongeza wati 300 za kiyoyozi. Hiyo ni kilowati 1.1 usiku na mchana, sawa na uniti 792 kwa siku 30. Mteja wa LUKU wa matumizi ya kawaida hupata takriban uniti 2.8 kwa kila shilingi 1,000, yaani uniti moja ni kama shilingi 356 pamoja na kodi. Chumba hicho kidogo kinakula shilingi 282,000 kwa mwezi, na kwa miaka mitano inakaribia milioni 17, au dola 6,800. Hapo bado hujanunua dizeli ya jenereta, wala betri za UPS, ambazo kwenye chumba chenye joto hufa mapema kuliko maelezo ya mtengenezaji.

Bei ya seva nayo siku hizi haitulii. Tangu miezi ya mwisho ya 2025, RAM imepanda bei kwa kasi. Sehemu kubwa ya RAM ya dunia hutengenezwa na kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na zote zimeelekeza uwezo wa viwanda vyao kwenye kumbukumbu za vituo vya akili unde, kwa sababu huko ndiko kwenye wateja wanaolipa zaidi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ya RAM na diski kwa wanunuzi wa kawaida. Athari yake hapa kwetu ni kwamba profoma ya seva ya mwezi uliopita huenda isiheshimiwe mwezi huu. Dai tarehe ya ukomo wa bei iandikwe, na kama RAM ya seva ya zamani inaingia kwenye mpya, usiiache iende na chuma chakavu. Seva zilizotumika, zile zinazoingia kupitia Dubai, zimekuwa chaguo la heshima kwa kazi isiyo nzito, ilimradi ununue mbili zinazofanana ili moja iwe akiba ya vipuri.

Kwa makadirio yangu, seva mbili mpya za kiasi zigharimu dola 12,000, na UPS, kiyoyozi, raki na betri za kubadilisha zigharimu dola 4,000. Ukijumlisha umeme, chumba cha ofisini kinafika dola 22,800 kwa miaka mitano. Mshahara wa fundi sikuuweka, na sitauweka kwingine pia, kwa maana fundi utamhitaji popote seva itakapokaa.

Kuna gharama nyingine ambayo hapo zamani ililipwa mara moja tu, nayo ni programu ya kugawa seva moja kuwa nyingi. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa VMware: unanunua leseni mara moja, unakaa nayo. Novemba 2023 Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa ni malipo ya kila kipindi, yanayohesabiwa kwa kiini cha prosesa, na kila prosesa huhesabiwa kuwa na viini 16 hata kama inavyo 8 tu. Msaada wa kawaida kwa toleo la vSphere 7 ulikoma tarehe 2 Oktoba 2025, kwa hiyo aliyekuwa ameng'ang'ania leseni yake ya zamani sasa anaendesha mfumo usiopata marekebisho ya usalama.

Kwa kampuni ya watu 60 naona hakuna sababu ya kubaki humo. Proxmox, inayotengenezwa Vienna, Austria, ni programu huria ya kazi hiyohiyo. Unaweza kuitumia bila kulipa, na ukitaka masasisho yaliyopimwa vizuri zaidi, usajili wa chini kabisa ni yuro mia moja na ushee kwa mwaka kwa kila prosesa. Hyper-V nayo tayari imo ndani ya Windows Server ambayo wengi wameshainunua. Kuhama kuna kazi: wikendi mbili tatu za fundi, na mafunzo. Lakini kazi hiyo unaifanya mara moja, wakati bili ya usajili inarudi kila mwaka, na bei ya mwaka ujao hupangi wewe.

Sasa klaudi. Nitatumia bei za orodha za Amazon katika kanda yake ya Virginia, kwa kuwa ziko wazi kwa kila mtu na ndizo za chini. Seva ya aina ya m5.xlarge, yenye viini pepe vinne (vCPU) na RAM gigabaiti 16, ikiendeshwa na Linux, ni dola 0.192 kwa saa. Ikiwaka mwezi mzima ni dola 140. Mbili kwa miaka mitano zinafika dola 16,800. Hapa muuzaji hutabasamu, maana namba hii inashinda chumba cha ofisini.

Kisha inakuja diski. Diski ya kawaida ya seva hizo hutozwa dola 0.08 kwa gigabaiti kwa mwezi. Terabaiti 4 ni dola 320 kila mwezi, na kwa miaka mitano ni dola 19,200. Diski imeizidi seva yenyewe! Jumla imefika dola 36,000 kabla ya kodi, na hakuna aliyefanya kosa. Mtu amehamisha tu seva zake kama zilivyokuwa ofisini.

Anayeijua klaudi hapangi hivyo. Data inayoguswa kila siku, tuseme terabaiti 1, inabaki kwenye diski ya haraka kwa dola 80. Terabaiti 3 za mafaili ya zamani zinahamia kwenye hifadhi ya S3 kwa dola 0.023 kwa gigabaiti, yaani dola 69. Tumeshuka kutoka dola 320 hadi 149 kwa mwezi. Ukiahidi kutumia seva kwa mwaka mzima, bei yake hupungua kwa zaidi ya theluthi. Hesabu nzima inateremka kuelekea dola 20,000, chini ya chumba cha ofisini. Kwa hiyo anayesema klaudi ni ghali na anayesema klaudi ni nafuu wanaweza kuwa na kampuni ileile mawazoni. Kinachowatenganisha ni fundi aliyepanga data kabla ya kuihamisha.

Lakini Virginia ni mbali. Kutoka pwani yetu hadi Ulaya tu, pakiti inachukua zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi, na mfumo wa uhasibu wa zamani, ule unaouliza seva mara mia kwa kila ukurasa, utamchosha karani. Kanda za Afrika Kusini ziko karibu zaidi: Microsoft ilifungua Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Ukaribu huo unalipiwa, kwani kwa Amazon, Cape Town ni ghali kuliko Virginia karibu katika kila mstari wa bili.

Mstari mmoja unahitaji kutazamwa kwa makini kuliko yote, nao ni data inayotoka. Kuingiza data klaudini ni bure. Kuitoa kwenda kwenye intaneti, Virginia hutoza dola 0.09 kwa gigabaiti, na Cape Town dola 0.154, baada ya gigabaiti 100 za mwanzo za kila mwezi. Wafanyakazi 60 wakivuta nusu gigabaiti kila mmoja kwa siku, siku 22 za kazi, hizo ni gigabaiti 660. Zile 560 zinazotozwa zinagharimu dola 86 kwa mwezi kutoka Cape Town, au karibu dola 5,200 kwa miaka mitano. Mstari huu sijauona kwenye profoma yoyote ya wauzaji wa hapa, na wala hawajaficha kitu. Hutegemea matumizi yako, na wao hawayajui. Yapime mwenyewe kwenye rauta kabla ya kusaini.

Siku ya kuondoka ndipo namba hii inapouma. Kuvuta terabaiti 4 zote kutoka Cape Town ni kama dola 600. Tangu 2024, baada ya shinikizo la sheria mpya ya data ya Umoja wa Ulaya, Google, Amazon na Microsoft wameanza kusamehe ada hiyo kwa mteja anayehama moja kwa moja, ila lazima aombe na akubaliwe. Na kuna gharama isiyosamehewa na yeyote, ambayo ni muda. Kwa laini ya megabiti 50 kwa sekunde, terabaiti 4 huchukua zaidi ya siku saba kushuka, na hapo hakuna mtu mwingine ofisini anayetumia intaneti. Wahalifu wakiteka data yako kwa ajili ya fidia na bakapu pekee ikawa ng'ambo, kampuni imefungwa wiki nzima hata kama bakapu ni safi kabisa.

Wapo waliorudi. Kampuni ya Marekani ya 37signals, wenye programu ya Basecamp, ilitangaza kwamba mwaka 2022 ililipa dola milioni 3.2 kwa klaudi, ikanunua seva za Dell kwa takriban dola 700,000 na kuziweka kwenye vituo vya data vya kukodi, na bili yake ikashuka kwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Mfano huo hunukuliwa sana na wauza seva. Wasichokisema ni kwamba 37signals ilikuwa tayari na mafundi hodari, na mzigo wake hauyumbi. Kampuni inayofanya mauzo yake yote Novemba na Desemba ina sababu nzuri ya kubaki klaudini, kwa sababu huko inaweza kuzima seva ifikapo Januari.

Katikati ya njia hizi mbili ipo kolo, yaani kupeleka seva zako kwenye kituo cha data cha mtu mwingine na kulipia nafasi, umeme na ubaridi. Miaka kumi na tano iliyopita ukanda wetu haukuwa na mahali pa maana pa kuzipeleka. Leo Dar es Salaam kuna Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama, na kuna Wingu Africa. Nairobi kuna Africa Data Centres na IXAfrica. Mombasa kuna iColo, iliyo chini ya Digital Realty. Na nje kidogo ya Kampala, Namanve, kuna Raxio. Bei zao kwa kawaida hutolewa kwa mteja mmoja mmoja, kwa hiyo hapa sina namba ya kukuwekea mezani. Ninayo namba ya kulinganishia: ule umeme wa shilingi 282,000 kwa mwezi, ukiongeza sehemu ya betri, jenereta na kiyoyozi. Robo ya raki ikikaribia kiasi hicho mara mbili, bado nitaifikiria, maana napata jenereta mbili badala ya moja, walinzi, na kizima moto kisichotumia maji.

Maswali ya kuwauliza ni machache lakini yana fedha ndani yake. Umeme unatozwa kwa kilichotumika au kwa kilichotengwa? Kampuni inayotengewa kilowati 2 na kutumia 0.8 inalipia hewa. Kuunganisha waya kutoka kwenye raki yako hadi kwa mtoa huduma wa intaneti aliye jengo hilohilo ni bei gani kwa mwezi? Mtu wao akibonyeza kitufe usiku wa manane kwa niaba yako, anatoza kwa saa au imo kwenye kodi? Wakitaja daraja la Tier III, omba cheti cha Uptime Institute na usome kimetolewa kwa michoro au kwa jengo lililokwisha kujengwa, kwa kuwa ni vyeti viwili tofauti na brosha nyingi haziweki wazi ni kipi. Tier III maana yake kila kifaa kinaweza kutengenezwa bila kuzima seva za wateja. Kiwango kinachotajwa pamoja nayo, asilimia 99.982, huruhusu kusimama kama saa moja na dakika 35 kwa mwaka.

Popote seva itakapokuwa nje ya ofisi, laini ndiyo maisha yako. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga huduma zake kwa umma siku mbili. Ofisi zilizokuwa na laini mbili kutoka kampuni mbili ziligundua kwamba laini zote mbili zilikuwa zinaishia kwenye mikongo ileile baharini. Walikuwa wamelipia kinga mara mbili na kupata moja. Miezi michache kabla ya hapo mikongo ya Bahari ya Shamu nayo ilikuwa imekatika, na Septemba 2025 mingine ikakatika karibu na Jeddah, hadi Microsoft ikawatangazia wateja wa Azure kuwa safari za data zitachelewa. Siku za uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, intaneti ya Tanzania ilizimika kwa siku kadhaa kwa sababu isiyohusu bahari kabisa. Seva iliyokuwa ndani ya ofisi iliendelea kutoa ankara. Ile ya Cape Town haikufikika.

Kwa hiyo swali kwa muuzaji wa faiba ya pili liwe la maandishi: data yangu inatoka nchini kwa mkongo upi, na ukikatika inapita wapi? Asiyejibu, bei yake ishushwe au aachwe. Wenzetu wa Kenya wana chaguo la ziada tangu Julai 2023, Starlink ilipoanza kuuza huko, na kwa ofisi ndogo dishi hilo ni akiba nzuri ya kubadilishana na faiba.

Tugeukie faiwoli, kifaa ambacho watu hununua kwa jina kubwa kuliko kitu kingine chochote. Tofauti kubwa baina yao iko kwenye siku leseni inapokwisha. Faiwoli ya Fortinet ikiishiwa usajili huendelea kupitisha na kuzuia kwa kanuni ulizoweka, ila haipati tena orodha mpya za mashambulizi. Vifaa vya Cisco Meraki viko tofauti: leseni ikiisha, unapewa siku 30, kisha mtandao unasimama, ingawa kifaa ulikinunua kwa fedha yako. Ni kama kununua nyumba na bado ukafukuzwa kwa kuchelewesha kodi. Meraki ni rahisi kusimamia, hasa kwa kampuni yenye matawi na isiyo na fundi kila tawi, na sioni aibu kuipendekeza huko. Lakini kampuni ambayo malipo yake ya ng'ambo hukwama benki kwa wiki kadhaa kila mwaka haina haki ya kujiweka kwenye hatari hiyo.

MikroTik ya Latvia huuza kifaa pamoja na leseni yake ya kudumu, kwa bei ambayo mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya wapinzani wake, ndiyo maana imejaa kwa watoa huduma wa intaneti kuanzia Mwanza hadi Bujumbura. OPNsense ni programu huria unayoweza kuisimika kwenye kompyuta ndogo yenye milango minne ya mtandao. Zote mbili zinadai fundi anayejua anachofanya, na MikroTik iliyoachwa na nywila ya kiwandani au toleo la zamani imewaponza wengi: kasoro ya Winbox ya mwaka 2018 ilirekebishwa mapema, na bado maelfu ya rauta ziliendelea kutekwa kwa kuwa hakuna aliyesasisha.

Hata hivyo, jina ghali halikuokoi. Januari 2024 kasoro mbili za VPN za Ivanti zilitumiwa vibaya kiasi kwamba shirika la usalama wa mitandao la serikali ya Marekani, CISA, liliziamuru taasisi za serikali kuchomoa vifaa hivyo ndani ya saa 48. Aprili mwaka huo ikawa zamu ya Palo Alto. Septemba 2025 CISA ikatoa amri ya dharura kuhusu faiwoli za Cisco ASA. Oktoba 2025 SonicWall ilikiri kwamba wavamizi walifikia mafaili ya mipangilio ya wateja wote waliotumia huduma yake ya bakapu ya klaudi. Kilichowaponya waliopona ni kasi ya kusasisha. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei za faiwoli, linganisha watu: nani atasasisha kifaa hiki ndani ya siku mbili za tangazo, na amelipwa kwa kazi hiyo? Faiwoli ya dola 300 yenye mtu huyo ni bora kuliko ya dola 3,000 isiyo naye.

Chunga pia vyeti vya TLS, vile vinavyoipa tovuti alama ya kufuli. Let's Encrypt hutoa bure. Vya kulipia vinazidi kupoteza maana kwa kampuni ndogo, kwani watengeneza vivinjari na watoa vyeti walikubaliana Aprili 2025 kufupisha uhai wa vyeti: siku 200 kuanzia Machi 2026, 100 kuanzia Machi 2027, na 47 kuanzia Machi 2029. Profoma yenye mstari wa cheti cha miaka mitatu iulizwe nani atakibadilisha kila mara hiyo, na kama jibu ni fundi kwa mkono, mstari ufutwe.

Wi-Fi 7 tuipitie haraka. Ilianza kupewa vyeti Januari 2024, ni nzuri, na kwa ofisi yenye laini ya megabiti 50 au 100 haina kazi. Nunua Wi-Fi 6, na tofauti ya bei iende kwenye bakapu.

Huko kwenye bakapu ndiko ningependa fedha iende kwanza. Machi 2021 kituo cha OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea kwa moto, na wapo wateja waliogundua kuwa bakapu yao ilikuwa jengo lilelile. Septemba 2025 moto wa betri za lithiamu katika kituo cha serikali cha Daejeon, Korea Kusini, uliteketeza hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma, terabaiti 858, ambayo haikuwa na nakala mahali pengine. Nchi inayosifika kwa intaneti ya kasi ilipoteza kazi ya miaka. Oktoba 2023 Backblaze ilianza kutoza dola 6 kwa terabaiti kwa mwezi, na kuruhusu kuvuta bila ada hadi mara tatu ya ulichohifadhi. Kwa bei hiyo terabaiti 4 ni dola 24 kwa mwezi. Diski mbili za nje zinazopishana nyumbani kwa mkurugenzi na ofisini zinagharimu chini ya jumla ya bili hiyo kwa miaka mitano, na haziwezi kufutwa na mvamizi aliyeko mtandaoni, maana zimechomolewa.

Lakini kabla ya kupeleka data yoyote ng'ambo, iwe bakapu au seva, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inaweka masharti kwa anayesafirisha taarifa za watu nje ya Tanzania. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Kampuni yetu ina orodha za wafanyakazi na pengine za wagonjwa wa hospitali inazozihudumia, kwa hiyo isimbe data kwa ufunguo inaoushika yenyewe, na ushauri wa mwanasheria uingie kwenye bajeti mapema.

Kwa kampuni hii ningechagua hivi. Seva mbili za Proxmox zinunuliwe. Moja, yenye mfumo wa uhasibu na stoo, ibaki ofisini ili ankara zitoke hata mkongo ukikatika, na ya pili iende kolo hapahapa Dar, ipokee nakala ya kwanza kila usiku kupitia faiba ya ndani ya jiji, ambayo haipiti baharini. Barua pepe ziende klaudini. Sioni sababu ya kampuni ya watu 60 kuendesha seva yake ya barua mwaka huu. Bakapu iliyosimbwa iende ng'ambo kwa dola 24 kwa mwezi au karibu na hapo. Faiwoli iwe yoyote ambayo fundi wao anaimudu vizuri, yenye mkataba wa kusasishwa ndani ya saa 48. Na kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi moja, mtu arudishe faili la uhasibu kutoka kila bakapu na kulifungua mbele ya mhasibu.

Zahanati ya Sumbawanga isiyo na kolo karibu ningeipa jibu jingine: seva moja ya kiasi, betri nzuri, diski za kupishana, na klaudi kwa kile tu kinachoweza kusubiri. Kampuni changa ya programu pale Nairobi, isiyojua kama mwakani itakuwa na wateja mia au laki, isinunue hata seva moja.